Maji ya Vikombe Viwili

Nilisikia maji kabla sijaona kitu. Yalikuwa yakimiminwa kwenye chupa nyembamba, mlio ukipanda kadiri chupa ilivyojaa. Nilikuwa nimesimama nje ya nyumba ya Mama Mwalimu, huku Musonoi, mtaa wetu wa mgodini niliouhama utotoni, nikitaka kubisha hodi, na mkono ukaganda hewani. Sikuwa nimeusikia mlio ule kwa miaka ishirini, msomaji wangu, lakini niliutambua mara moja.

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka sita. Musonoi ya wakati ule ilinuka sombe, yaani kisamvu, na vumbi. Baruti zilipolipuka mgodini masufuria yalitetemeka, na bibi yangu, bila kuacha kusonga bukari, alisema, "Mlima umekohoa." Baba alikuwa karani mwenye mshahara, kwa hiyo mimi nilicheza kutwa. Rafiki yangu, binti wa jirani, rika langu kabisa, alikwenda na mama yake kijitoni kuosha mawe ya shaba, akarudi na vidole vilivyokunjamana kama vya kikongwe. Nilimngoja kila siku na mdoli wangu wa gunzi la mahindi.

Mama Mwalimu aliwafundisha vijana waliosomea ualimu. Alasiri moja aliwaleta uani kwake, akaegemeza ubao ukutani. Alikuwa amechora ngazi mbili. Moja ya akili: mtoto huanza kufikiri kwa macho na mikono, hoja huja baadaye. Nyingine ya moyo: mtoto mchanga hujifunza kuamini, mtoto hucheza na kuthubutu, kijana hujiuliza yeye ni nani, mtu mzima hutunza wengine, na mzee hugeuka kutazama alikotoka. "Kila umri una kazi yake," alisema. "Ukiiruka, itakufuata."

Kisha akatuita sisi wawili. Vikombe viwili vya bati, maji sawasawa. Kimoja akakimimina kwenye chupa nyembamba.

"Sasa, wapi kuko maji mingi?"

"Mu chupa!" nilipiga kelele. Wanafunzi wakacheka, Mama Mwalimu akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Wataalamu wa vitabuni mwake walikuwa wametabiri hivyo hivyo: mtoto wa umri wangu hudanganywa na urefu.

Rafiki yangu hakuitazama hata chupa. "Ni sawasawa, mama."

"Juu ya nini?" Mama Mwalimu akamwuliza sababu.

"Muntu mwenye kununua majiwe anamwangaka yetu mu ndoo ya mupana, anasema ni kidogo. Mama aliniambia: usiangalie ndoo, angalia majiwe."

Wanafunzi wakapiga makofi. Mwanafunzi mmoja akamzawadia mdoli wangu. Rafiki yangu aliugeuza, akauchungulia chini. "Hii ni ya kufanya nayo nini?" Tukacheka sote, Mungu atusamehe.

Mama Mwalimu alimshika mkono akampeleka kwao, akamtangazia mama yake mbele ya majirani, "Mutoto wako iko na akili ya mutoto wa myaka kumi!"

Juma lililofuata nilimwona rafiki yangu akipanda mteremko na gunia la mawe mgongoni, kati ya watoto wa miaka kumi. Nilidhani macho yangu yamekosea. Mama Mwalimu alikimbia kijitoni, chaki bado vidoleni, nami nyuma yake.

"Nilisema akili, mama! Sikusema mifupa!"

"Mwalimu, ulisema mbele ya batu bote," mama yule akajibu bila kuacha kuosha. "Akili inakaa wapi, kama si mu mwili?"

Mama Mwalimu alirudi nyumbani akifuta chaki vidoleni.

Yote hayo yalinirudia pale mlangoni. Nikasukuma mlango. Mama Mwalimu, nywele nyeupe, alishika chupa. Mbele yake alisimama rafiki yangu, bega moja limelala, na ubavuni mwake binti yake wa miaka sita. Rafiki yangu alinitazama kana kwamba niliondoka asubuhi ile tu.

"Umefika muzuri," akasema. "Wifi yangu anasema huyu iko na akili sana, aanze kwenda ku majiwe. Nimekuja kuuliza kama bado ni mutoto."

Mama Mwalimu aliiweka chupa mezani, kando ya kikombe kilichobaki na maji. "Binti yangu, wapi kuko maji mingi?"

Tulimkodolea macho, wanawake watatu wazima. Mtoto akazunguka meza, akainama, akaweka kidole juu kabisa ya chupa. "Hapa! Inafika mbali!"

Rafiki yangu alipiga yowe lililonishtua. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka. "Umekosa! Aksanti, mwanangu, umekosa!"

"Kwa wifi yako nakwenda mwenyewe," alisema Mama Mwalimu, akitafuta viatu vyake. "Leo nitamwambia mutoto hajui kitu."

Kijito kile hakipo tena, shimo la mgodi limekimeza. Ubao ulipasuka zamani. Kwa miaka ishirini nililionea haya jibu langu la siku ile, na sikujua kwamba kukosea kwangu kulikuwa utoto wenyewe, niliopewa bure huku mwenzangu akinyimwa.

Mama Mwalimu alitangulia nje na mtoto, aliyekuwa ameikumbatia chupa, akiisimulia jambo. Rafiki yangu alisimama kizingitini, akavitazama vikombe viwili mezani.

"Mi sikukosaka hata mara moja," akasema.

Akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.