Nauli Hairudishwi

Niseme mapema ili asitokee wa kunishangaa mbele ya safari: yule mwenye meli sijamsamehe, na sina mpango wa kumsamehe. Padri akifika kwenye habari za kusameheana, mimi hutazama mabati ya kanisa mpaka amalize.

Naishi Buseresere na kazi yangu ni kulisha maduara. Duara ni shimo la dhahabu la wachimbaji wadogo, na wachimbaji wakiwa chini hawana hela ya kula mpaka mawe yapande. Mtu kama mimi ndiye anayewapelekea unga, maharage na dagaa, na mawe yakipanda nachukua mifuko yangu ya mawe kama malipo. Yasipopanda, unga umeliwa. Duara likititia tunakaa kwenye kifusi kimoja, mimi na mwenye duara, wote tumeshika tama. Hasara za namna hiyo nimezipata nyingi na sikuwahi kumchukia mtu, kwa sababu nilijua naingia kwenye nini.

Mama yangu mzazi ni Mzinza wa kisiwani. Kisiwa chao kiko nyuma ya visiwa vingine, hata ukisimama Nkome ufukweni hukioni. Akiwa binti mdogo, ziwa lilimchukua baba yake na kaka yake siku moja, ndani ya mtumbwi mmoja. Akapelekwa kwa shangazi yake upande wa Shinyanga, akaolewa na baba yangu, Msukuma wa karibu na Samuye, akalima pamba, akazaa, akazeeka, na siku zote hizo alikuwa na kiapo kwamba hatakanyaga tena chombo cha mbao. Kisiwani kwao hakifiki kivuko, inafika mitumbwi ya injini tu. Kwa hiyo hakurudi.

Halafu ikaja presha ya macho. Daktari alituambia kwa upole kwamba kilichokwisha ondoka hakirudi, matone yanachelewesha tu, na kama mama ana kitu anatamani kukiona basi asingoje. Tukiwa kwenye benchi nje ya kliniki nikamuuliza angependa kuona nini. Nilidhani atataja wajukuu.

"Kwetu," akasema. "Kuna jiwe jeupe mama yangu alikuwa anaanikia dagaa. Nataka nilione nikiwa majini, kama nilivyoliona siku naondoka."

Ndipo meli ikatokea. Picha yake ilikuwa imebandikwa Geita mjini kwenye kioo cha ofisi yenye kiyoyozi: nyeupe, ya ghorofa, ina vyuma vya kushikilia kila upande. Ilikuwa safari ya kuzunguka visiwa, mnakula na kulala humo humo, na kisiwa cha mama kilikuwa miongoni mwa vituo. Nikampeleka mama akapapasa ile picha.

"Si mbao?" akauliza.

"Chuma kitupu, mama."

Mwenye meli mwenyewe alitoka kutupokea. Alimwamkia mama shikamoo akiwa ameinama mpaka tai ikaning'inia, na mama akaitikia marahaba kwa furaha ya mtu aliyekwisha fika. Tulipoulizana koo tukaangua kicheko, maana ukoo wao na ukoo wa baba yangu ni watani tangu enzi za mababu, na kwao ni Samuye hapo hapo.

"Mtani wangu! Wewe nitakulaza chumba cha injini," akasema.

"Nami nitakutosa kabla ya kisiwa cha kwanza," nikamjibu.

Nililipa nauli yote palepale, kwa kuwa aliyelipa mapema alipunguziwa. Tiketi ilikuwa na maneno mekundu chini: NAULI HAIRUDISHWI. Niliyaona. Niliyachukulia kama yale ya dukani, mali ikishauzwa hairudishwi, ambayo husomwa na kusahaulika.

Kilichofuata ni ujumbe kwenye simu. "Ndugu abiria, safari imesogezwa mbele kwa ajili ya usalama wako." Mara ya kwanza ilikuwa injini, na wakati huo mama alikuwa bado anachagua mchele mwenyewe. Mara ya pili upepo, na mchele nikawa nauchagua mimi. Mara ya tatu ilikuwa kibali, na mama alikuwa anamimina chai pembeni ya kikombe, halafu anajifanya amekusudia kumwagia siafu. Kila ujumbe ulipoingia aliniomba nimsomee, na nilipofika kwenye "usalama wako" alikuwa anasema, "Basi ni watu wazuri, wanajali." Hilo neno lake ndilo lililonichoma zaidi baadaye.

Tarehe ya mwisho ujumbe haukuja, tukafurahi, tukateremka Nkome. Mama alivaa gauni la Pasaka. Wakati huo alikuwa amebakiwa na uwazi mdogo kwenye jicho la kushoto, anageuza kichwa kama kuku ili akuone. Tulipita katikati ya dagaa walioanikwa, akasimama, akavuta harufu, akacheka peke yake. Na meli ilikuwepo kweli, nyeupe vilevile, imefungwa kwa mnyororo, na mlinzi kakaa kwenye ngazi yake akila muwa.

Pale nilimkuta kijana mwenye suti, dalali wa mahakama. Alikuwa na adabu, hilo silikatai.

"Mama, hii meli imeshikwa na benki," akaniambia. "Ilijengwa kwa mkopo, na dhamana ya mkopo ni meli yenyewe. Mafuta yalipanda bei, masika haina abiria, marejesho yakakwama. Ikiuzwa, benki inachukua chake kwanza. Kikibaki wanagawana mabaharia wasiolipwa na aliyekuwa anawauzia mafuta."

"Na sisi tuliolipa nauli?"

"Nyie ni wadai msio na dhamana. Mwisho kabisa."

"Marejesho yalikwama lini?"

Akatazama chini. "Zamani kidogo. Kabla hawajaanza kuuza tiketi za safari hii."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nauli yetu haikuwa nauli. Ilikuwa unga wa duara. Yule mtu alikuwa anachimba kwenye shimo analojua linatitia, na sisi ndio tuliokuwa tunamlisha, ila hakuna aliyetuambia tuko mgodini. Lile punguzo la kulipa mapema halikuwa ukarimu, lilikuwa njaa. Tangu siku hiyo nikiona chombo cha kifahari kinanihimiza nilipe leo kwa safari ya mwakani, swali langu la kwanza si chakula wala muziki. Nauliza chombo ni cha nani na kinadaiwa nini, na hela yangu itakaa wapi mpaka siku ya kuondoka. Wakinuna, naondoka zangu.

Mama alimsogelea mlinzi. Alimwomba apande tu mpaka juu, asimame kidogo, pengine kutoka juu kisiwa kingeonekana.

"Haiwezekani, bibi. Ni mali ya benki."

"Sitaigusa," mama akasema. "Nitaangalia tu."

Mlinzi akatema kapi la muwa na kutikisa kichwa, na mama, ambaye hakukiona kichwa kikitikiswa, akaendelea kungoja jibu. Nikamshika mkono tukarudi nyumbani. Kabla masika haijaisha ule uwazi wa jicho la kushoto ukajifunga.

Polisi waliniambia hayo ni madai, si jinai, nitafute wakili. Wakili akaniambia nitafute wenzangu. Mwenye meli hakutafuta chochote. Alifungua ofisi nyingine mtaa wa pili, safari za mabasi ya kifahari kwenda mbugani, lipa mapema upunguziwe. Siku moja tulikutana sokoni akanipungia mkono na kuniita mtani. Niliangusha nyanya kwa hasira, na nikaapa kwamba neno hilo hilo ndilo nitakalomlipizia nalo.

Ikatokea baba yake akafa. Mzee alikuwa amekula chumvi nyingi, amekufa usingizini, na msiba wa namna hiyo kwetu ni wa watani. Mtani anaweza kulala kaburini akakataa kutoka, anaweza kuvaa kofia ya marehemu na kuiga mwendo wake, anaweza kuficha majembe mpaka akombolewe kwa hela. Mfiwa hana ruhusa ya kununa. Akinuna, aibu ni yake na ya ukoo mzima. Nilifunga safari kwenda Samuye nikiwa na moyo mweupe kabisa, kama mtu anayekwenda harusini.

Niliazima kwa mpwa wangu shati lake la kazi ya hoteli, lenye vifungo vya dhahabu kama la nahodha, nikalivaa. Jeneza lilipotoka uani, njia ya kwenda kaburini ilikuwa imezibwa. Nilikuwa nimefunga kanga kati ya viti viwili, nami nimesimama nyuma yake.

"Abiria wa meli, mstari mmoja!" nikapaza sauti. "Mzee anasafiri, tunamsindikiza! Nauli inalipwa mapema! Wa mapema anapunguziwa!"

Kicheko kilianzia kwa akina mama wapishi. Katika waombolezaji alikuwepo baba mmoja wa Geita ambaye harusi ya binti yake ilikuwa ifungwe juu ya meli ile. Alinitazama, akalitazama lile shati, akaelewa. Akajitokeza mbele amenyoosha mkono.

"Mama, viti vyangu viko wapi?"

"Vipo, baba. Keti chini hapo, injini inapoa."

Akaketi. Wakaja wengine waliolipa nauli kama sisi, wakaketi nyuma yake kwa safu, suruali za msibani na mavumbi yake, na sikuwa nimewapanga. Nikajikohoza.

"Ndugu abiria, safari imesogezwa mbele..."

"Kwa ajili ya usalama wako!" wakamalizia kwa pamoja, na vigelegele vikapasua hewa.

Mwenye meli alikuwa amesimama mbele ya jeneza la baba yake na miwani myeusi. Alicheka. Ilimbidi acheke. Alikuja akanipa noti ya kufungulia njia, nikaipokea kwa mikono miwili kwa heshima zote.

"Ahsante, mtani. Hii ni ya benki."

Akatoa nyingine. "Hii ya mwenye mafuta," nikasema. Akatoa nyingine. "Hii ya mabaharia."

"Imetosha sasa, mtani," akasema kwa sauti ya chini.

"Na abiria?"

Akajipapasa mifuko ya koti, ya suruali, ya shati. Watu walikuwa wanamwangalia akijipapasa. Hakuwa na kitu. Akavua miwani ili anitazame vizuri, au ili nimtazame, sijui, na nilimtazama. Macho yalikuwa mekundu, mdomo bado umebaki kwenye kicheko kwa sababu hakuruhusiwa kuufunga.

"Haidhuru," nikamwambia. "Abiria ni mwisho kabisa, ndio utaratibu." Nikaziinua zile noti juu, kila mtu azione. "Ila nauli hairudishwi!"

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile msibani. Nikaifungua kanga, nikapisha jeneza, nikainamisha kichwa lilipopita, maana mzee hakunikosea. Zile hela ziliishia kwenye soda za wapishi na watani wenzangu kama desturi inavyotaka. Wiki hiyo hiyo, nilisikia, ile ofisi ya mabasi ilikosa wateja, kila anayepita mlangoni anaimba "kwa ajili ya usalama wako". Nilisikia nikashukuru Mungu.

Nilirudi Buseresere nikamkuta mama ameketi barazani anachambua maharage kwa vidole. Nikamsimulia yote. Alicheka mpaka akajifunika mdomo na kanga.

"Alivua miwani?"

"Alivua."

"Macho yalikuwaje?"

"Mekundu, mama. Na mdomo unacheka."

"Rudia hapo."

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, nikarudia, na kila mara niliongeza kitu nilichokuwa nimekisahau, jasho kwenye pua, mkono uliobaki ndani ya mfuko mtupu. Alisikiliza kwa kichwa kilichogeuzwa upande, bado anakigeuza hivyo ingawa hakuna tena cha kuona. Kisha akarudi kwenye maharage.

"Unajua kusimulia, mwanangu," akasema. "Ni kama nimeuona ule uso mwenyewe. Haya, sasa nisimulie kwetu. Lile jiwe bado lipo?"

Mimi siogopi mbao. Mitumbwi inaondoka Nkome kila siku, na macho yangu ni mazima. Lakini sikuwahi kwenda, kwa sababu nilikuwa namngoja yeye, na yeye alikuwa anaingoja meli. Sikujua kama jiwe lipo. Sikujua mwambao unapanda au unashuka, wala miti yake ni ya namna gani. Mama alikuwa amesimamisha vidole juu ya ungo, anangoja.

Nikamsimulia tena uso wa yule mtu, kuanzia pale alipovua miwani.