Mawaridi ya Harusi ya Mchimbaji

Kutengeneza maua ya sukari nilifundishwa na shangazi yangu aliyeolewa ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Sukari ya unga unaikanda na jelatini iliyoyeyushwa mpaka ivutike bila kukatika. Unaisukuma iwe nyembamba, unakata petali moja moja, unabonyeza kingo zake kwa mgongo wa kijiko, kisha unazilaza kwenye trei ya mayai ili zikauke zikiwa zimejipinda. Wakati wa mvua zinachelewa. Ukizisogeza karibu na jiko la mkaa zinalainika kwanza, halafu zinapasuka.

Nilifanya kazi hiyo nyumbani, Nyamisangura, miaka ile dhahabu ilipowatoa watu mashambani. Mume wangu naye alikwenda. Shimo lilibomoka akiwa ndani. Tulimzika kwao Nyarero, nikanyolewa nywele, na kwa muda mrefu hakuna aliyeniletea kazi ya harusi. Sikuwalaumu. Hakuna anayetaka keki ya harusi kutoka nyumba yenye msiba.

Nywele zilipoanza kurefuka alikuja mwenzake, aliyechimba naye shimo moja. Alikuwa anaoa. Alitoa karatasi ya sigara mfukoni, akaikunjua mezani. Ndani mlikuwa na vumbi la dhahabu.

"Shemeji, maua yote utayapaka hii. Wakwe zangu wanatoka Kenya, wajue binti yao ameolewa na nani."

"Mliisafisha kwa zebaki?"

"Sasa kwa nini kingine? Mumeo ndiye alikuwa fundi wa kuichoma."

Nilijua. Aliichomea uani, juu ya kipande cha bati, akinifukuza nisisogelee moshi. Ni kiasi gani cha sumu ya zebaki hubaki kwenye dhahabu baada ya kuchomwa, sikujua, na sijui mpaka leo. Nilihitaji sana kazi ile. Lakini maua ya keki huliwa, na wanaoyagombania ni watoto.

"Hii siweki," nilisema. "Nitapaka rangi ya njano, ile ya chakula. Ukitaka dhahabu, nenda kwa yule mama wa Bomani."

"Yule? Mawaridi yake yanafanana na kabichi!" Alicheka, akaikunja karatasi yake. "Haya, paka njano. Lakini ukiulizwa, ni dhahabu."

Niligeukia trei zangu. Nadhani alichukulia kwamba nimekubali.

Siku ya harusi msema chochote, yaani mshereheshaji, alitangaza kwamba maua yamepakwa dhahabu tupu ya machimboni. Vigelegele vikapigwa. Keki ilipokatwa hakuna aliyekula ua. Waliyang'oa, wakayafunga kwenye leso, wengine wakayaingiza kwenye pochi. Watoto walioyalilia walipigwa vikofi.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na masufuria. Bibi yake bibi harusi alinifuata, waridi moja kiganjani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wanasema wewe ndiye fundi. Hili nikaliuze au nilitunze?"

Bwana harusi alikuwa pale karibu, ananitazama.

"Ni sukari, bibi. Hiyo njano ni rangi tu. Kula."

Alivunja petali, akaiweka ulimini, akaimung'unya taratibu.

"Mkwe wetu ni mwongo," alisema kwa sauti. "Lakini ni mtamu."

Watu walicheka. Leso zikafunguliwa, na watoto wakala mpaka midomo ikawa ya njano. Bwana harusi alicheka nao kidogo, halafu akaacha.

Kesho yake nilichukua lile bati la mume wangu, lililokuwa bado limeegemea ukuta wa jikoni tangu alipoliacha, nikalifukia mbali na kisima. Sikulia. Wachimbaji hawakuniletea harusi nyingine, walikwenda Bomani. Mimi nilibaki na keki za kipaimara na za kuzaliwa, ambazo maua yake ni machache na meupe.