Majina Niliyobandika Getini

Nasema kweli mbele yenu, wenzangu: mpaka leo nikipita kwenye geti ya kazi naangalia chini. Kuna watu wanaoniita Mama Lisiti, mama wa orodha, na siwakatalii, juu jina hilo nilijitafutia mwenyewe, na nisipoandika katika kaye hii, daftari langu, namna yote ilivyokuwa, siku moja nitaanza kujidanganya kwamba kosa lilikuwa la wengine. (Wengine walikuwa nalo kidogo. Nitalisema pia, kwa haki. Lakini kubwa ni langu.)

Kwanza mjue mi si mtu wa masomo mengi. Nilifika mwaka wa tatu wa sekondari, halafu nikafanya kazi ya kupiga mashine na fotokopi katika kibanda cha mama mkubwa kule Kasulo, mpaka majirani walipochimba chini ya nyumba zao na ukuta wetu ukaanza kupasuka, tukafunga. Baadaye nikapata kazi katika kampani moja ya malori hapa Kolwezi, kumsaidia Tata Mukalay, fundi wa ordinatere, yaani kompyuta. Nilikuwa bado katika miezi ya majaribio. Kontra yangu, mkataba wa kazi, ingetiwa sahihi mwisho wa mwezi, kama sitaharibu kitu. Shikeni hilo: kama sitaharibu kitu.

Ikatoka amri kwamba ordinatere zote za kampani zibadilishwe sistemu, juu ile ya zamani walioitengeneza walikuwa wameacha kuitunza, na virusi vingeingia sawa panya katika gunia la mahindi. Tata Mukalay akanifundisha kwamba kazi kama ile haianzi na mashine, inaanza na plani: kuhesabu zote, kuzigawa mafungu matatu (zile zinazoweza kupokea sistemu mpya vile zilivyo, zile za kuongezewa nguvu kwanza, na zile zilizozeeka ambazo zitatoka kabisa na kuletewa nyingine), halafu kuhifadhi mafaili ya kila mtu, halafu kujaribu kwa moja kabla ya kugusa zingine, na zaidi ya yote kuwajulisha watu mapema.

"Odette," alisema, "batu habaogopake mashine. Banaogopaka kushituka."

Halafu mjomba wake akafariki kule Likasi, akaenda matanga, akaniachia plani mikononi. Neno lake la mwisho, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya basi, lilikuwa: "Andika manumero ya mamashine. Iko nyuma ya kila moja."

Basi nikageuza mashine ya kwanza, namba imefutika. Ya pili imefunikwa na vumbi jekundu lililoshikana na mafuta kama ngozi. Ya tatu ilikuwa na namba mbili. Nikajiuliza, mi Odette mwenye akili, nani hapa anajua namba ya mashine yake? Watu wanasema "ordinatere ya Kazadi", "ordinatere ya Mama Chantal", na kila mtu anaelewa. Nikaacha kusugua vumbi, nikaandika majina ya watu. Ni hilo tu. Mengine yote yalizaliwa na hilo.

Katika fungu la tatu, lile la kutoka, mashine ilikuwa moja: ya Tata Kazadi, mwenye funguo za magazini, ile stoo ya vipuri, baba wa Kikasai ambaye babu yake aliletwa huku kufanya kazi ya mugodi, na yeye mwenyewe ana miaka ishirini na sita na kampani yetu, anajua kila tairi na kila mkanda wa injini ulipo hata ukimfunga macho. Ordinatere yake ilikuwa ikiwashwa asubuhi unaweza kwenda kununua mikate, kurudi, na kuikuta bado inafikiri. Kwa hiyo pembeni ya jina nikaandika sababu, juu plani isiyo na sababu si plani: KAZADI: muzee sana, asubuhi inachelewa kuamka, haina tena nguvu ya kujifunza kitu kipya. Itoke Ijumaa.

(Mnacheka. Mi pia ningecheka kama ingekuwa ya mwingine.)

Majina niliyaandika kwa herufi kubwa ili kila mtu aone lake kwa mbali, na kichwa, kile kilichosema kwamba ni habari ya ordinatere, nikakiandika kidogo, juu nafasi ilikuwa imeisha. Halafu nikamwendea Mama Chantal, shefu wa wafanyakazi, nikamwomba muhuri. Alikuwa na simu sikioni, akapiga muhuri bila kusoma. (Ni lile kosa dogo la wengine.) Na juu ubao wa ndani ulikuwa umejaa matangazo ya kofia na buti ambayo hakuna anayesoma, nikaipeleka karatasi yangu getini, nikaibandika kwenye chuma, nikasimama mbali kidogo, nikaiangalia kwa furaha.

Sasa niwaambie kitu ambacho kila mtu wa huku anakijua na ambacho mi, kuliko wote, ningepaswa kukijua. Hapa kwetu kampani haikuiti ukae ikuambie. Karatasi ya getini ndiyo inayosema. Ikitafuta watu, majina getini. Ikitosha watu, yaani ikiwaondoa kazini, majina getini, na muhuri chini. Nikiwa mtoto, baba yangu aliwahi kurudi nyumbani saa tatu asubuhi, kofia mkononi, na mama hakumuuliza hata neno moja, alimwekea maji tu. Nilikuwepo. Niliona ile kofia. Na bado nilibandika.

Kesho yake nilifika saa moja nikakuta watu wamejaa mbele ya geti, makarani, madereva, makanika, wamama wa usafi, wote macho kwenye karatasi. Mi nikaona: heh, wanasoma plani yangu! Nikawasalimia kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi nzuri:

"Jambo yenu! Munaona majina yenu?"

Dereva mmoja mwenye tumbo akageuka polepole.

"Tunaona, dada. Na yako iko wapi?"

"Mi sina," nikasema. Na ilikuwa kweli, juu nilikuwa ninatumia mashine ya Tata Mukalay.

"Eko anasema hana!" akaita wenzake. "Anaandika bote, yee mwenyewe anajiruka!"

Wale wa fungu la kwanza wakasogea mbali na wale wa fungu la pili kama watu wenye ugonjwa. Mama mmoja wa usafi ambaye hakuwa hata kwenye orodha alikuwa analia, akasema ni juu ya kuona vile wengine wanalia. Nikaanza kueleza, sistemu, mafaili, virusi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoharibu, juu niliposema "haibatoshe batu, banatosha yenye kuzeeka," yule dereva akapiga makofi: "Mumesikia? Wazee njo banaanza nao!"

Mlinzi akanivuta pembeni, akanionyesha funguo mezani pake. Tata Kazadi alifika saa kumi na mbili kama kila siku, alisoma, hakupiga kelele, hakuuliza. Aliweka funguo za magazini pale, akavua kofia, akaondoka kwa miguu.

Nikazichukua zile funguo.

Bila Tata Kazadi magazini haifunguki (funguo zipo, lakini nani ajue tairi iko wapi?), na malori manne yalikuwa yanangoja matairi ili yaende Tenke. Mama Chantal akaniita. Kopi ya karatasi yangu ilikuwa mbele yake.

"Odette, hii muhuri ni yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na mi niko mu fungu la pili. Ya kuongezewa nguvu." Akaweka kidole kwenye jina lake. "Enda umurudishe Tata Kazadi. Na kinywa yako, hapana na simu. Kama harudie leo, na weye usirudie."

Sasa, mtu mwenye akili angeenda mikono mitupu, akapiga magoti, akaomba radhi. Mi nilifikiri: hawataniamini bila kuona. Nikafungua magazini, nikachomoa ile ordinatere yenyewe, kisanduku na kioo chake, nikaita wewa, dereva wa pikipiki ya kukodi, nikapanda nimeikumbatia kama mtoto mgonjwa.

Wewa alinifikisha mpaka Kasulo, akasimama. Njia ya mbele ilikuwa imechimbwa, magunia kila upande. Nikakunja kitambaa changu cha kichwa kuwa ngata, nikaweka kisanduku kichwani, kioo kwapani, nikaendelea kwa miguu katikati ya wachimbaji waliokuwa wanakunywa chai.

"Mama! Ile iko na kobalti ndani!" mmoja akaita. "Lete tupime!"

"Usiuzishie ule, anaibiaka batu ku kilo!" akajibu mwenzake, na walicheka mpaka wakasimama.

Nilipofika kwa Tata Kazadi, viti vilikuwa vimetolewa nje. Mnajua maana yake viti vikiwa nje asubuhi ya siku ya kazi: msiba. Wamama wa kanisa walikuwa wamekaa wakiimba chini chini, majirani wamekaa pembeni, na mke wake, Mama Ngalula, amekaa chini kwenye mkeka. Akaniona. Akaona kile nilichobeba. Akasimama.

"Miaka makumi mbili na sita!" Alisema kwa wote, si kwangu. "Miaka makumi mbili na sita, na njo bile banamulipa? Banamutumia ordinatere ya kufa!"

Wamama wakaacha wimbo, wakapiga yowe. Mmoja akasema nisiweke kile kitu chini katika kiwanja chao, kitaleta bahati mbaya, kwa hiyo nikabaki nimesimama na mzigo kichwani, jasho linaingia machoni, siwezi hata kupiga magoti kama heshima inavyotaka. Na vile nilivyokuwa nimesimama nikasema yote. Nikasema vumbi la nyuma ya mashine, nikasema kwamba nilikuwa mvivu wa kusugua, nikasema maneno niliyoandika pembeni ya jina, neno kwa neno, juu niliona bora wayasikie kutoka kwangu. Nikasema: "Mwenye kutoka ni huyu hapa kichwani kwangu. Tata anabaki."

Wote wakamgeukia mwenye nyumba. Tata Kazadi alikuwa amekaa mlangoni, kofia juu ya goti. Akainuka, akaja, akanitua kisanduku mwenyewe, akakiangalia ubavuni palipokuwa na alama ya kikombe cha chai yake.

"Ni huyu njo anachelewaka kuamka?"

"Ni huyu, tata."

"Hm. Ni kweli." Akakipangusa kwa mkono. "Lakini mutoto, kichwa cha karatasi kilikuwa pale?"

"Kilikuwa. Kidogo."

"Mi sikukisoma, na ile ni kosa yangu. Lakini ujue: mu hii muji, kama unaona jina yako ku geti, hautafutake kichwa cha karatasi. Unatafutaka kofia yako."

Niliangalia ile kofia yake. Nilimwona baba yangu, na nikalia mbele ya watu wote, na ajabu ni kwamba Mama Ngalula ndiye aliyeniletea maji, bado amekasirika, akaniwekea kikombe mkononi kwa nguvu mpaka kikamwagika nusu. "Kunywa," alisema. "Halafu uangalie mara ingine ile unaandika."

Tata Kazadi akakubali kurudi, kwa sharti moja. "Ile karatasi, si mi mwenye kuitosha. We njo utaitosha, mbele ya batu, na utasema."

Basi tukarudi, yeye mbele na kisanduku begani (alikataa nibebe tena, alisema ni mwenzake wa siku nyingi), mi nyuma na kioo, na nyuma yetu wamama wa kanisa, safari hii wakiimba kwa sauti, kupita kwa wachimbaji wale wale, ambao hawakucheka, mmoja alivua hata kofia akidhani ni maziko. Getini nikapanda juu ya tairi, nikabandua karatasi, nikasema kila kitu tena. Kile kichwa kidogo cha karatasi nikakisoma kwa sauti. Yule dereva mwenye tumbo akaita, "Na jina yako, dada?" akanirushia kalamu. Nikaandika ODETTE chini kabisa, katika fungu la tatu.

Kwa haki niseme na hili: Mama Chantal alitoka nje, akasema mbele ya wote kwamba muhuri ni wake na hakusoma. Hakulazimishwa na mtu. Halafu akaniita ndani, akanirefushia majaribio miezi mitatu. Tata Mukalay aliporudi kutoka matanga hakunigombeza, alinipa brashi na ndoo ya maji ya sabuni. Nilisugua mashine zote, nikaandika namba kwa rangi nyeupe, na hakuna atakayeona tena jina la mtu katika plani yangu, hata nikiishi miaka mia. Kontra nilitia sahihi mwezi uliopita.

Sistemu tulibadilisha Jumamosi, bila tatizo. Magazini ilipata mashine mpya, na mashine mpya, kabla ya kukubali kazi, iliuliza iitwe jina gani. Nikamwambia Tata Kazadi tutaweka namba. Akasema hapana, ni yake, ataandika mwenyewe. Akavaa miwani, akabonyeza kwa kidole kimoja, herufi moja moja, na mi nikasimama nyuma yake ninasoma: O, D, E...

"Tata!"

"Acha. Siku itazeeka, utaenda mwenyewe kuibandika ku geti."

Sasa kuna asubuhi nyingine umeme unakuwa mdogo na ile mashine inakawia, na Tata Kazadi anatoka mlangoni pa magazini, anaweka mikono kiunoni, na kuita mpaka malori ya mwisho yasikie: "Odette iko inachelewa kuamka!" Madereva wanacheka. Mi naangalia chini, nachukua brashi yangu, naenda.