Hesabu Waliyoitaka kwa Mwalimu

Mwalimu amefariki. Taarifa niliikuta kwenye kundi la simu la mtaa wetu huku Bunju, chini ya tangazo la mtu anayeuza kuku wa kienyeji, na haukupita muda kundi likajaa alama za mikono ya sala na maneno "pumzika kwa amani, shujaa wetu". Shujaa. Niliposoma nani na nani wanaliandika neno hilo, chai ilinishinda. Ni wale wale waliokuwa wakimwona kwa mbali wanavuka barabara, tangu uchaguzi mkuu uliopita hadi juzi alipolazwa. Wasomaji wangu mniwie radhi, leo sina upole wa kuwagawia.

Alifundisha takwimu chuoni hadi akastaafu, akaja kujenga huku kwetu kukiwa bado ni mapori. Mtu wa bara, mkavu wa maneno. Ukimwambia shikamoo anaitika marahaba, kisha ukimpa habari yoyote ile anakuuliza, "Umejuaje?" Uchaguzi ulipokwisha, wenzetu wa upande ulioshindwa wakamfuata barazani kwake, nami nilikuwepo. Walikuwa wameshika jambo wanaloliona zito: shule moja ya msingi kule Manzese, vyumba viwili vya kupigia kura, vimepakana ukuta. Kimoja mgombea wao kazoa kura, cha pili kaambulia makombo. "Mwalimu, shule moja, mtaa mmoja. Kitakwimu hii kitu haiwezekani. Wewe weka sahihi tu, sie tunaipeleka mbele." Mzee akawauliza swali moja: nani alipangwa chumba gani, na kwa utaratibu upi? Wakamsogezea karatasi na kalamu. Walitaka sahihi, hawakutaka maswali.

Kesho yake akaniburuta tukapanda daladala, kisha basi la mwendokasi hadi Manzese. Orodha za wapiga kura zilikuwa bado zimebandikwa kwenye milango ya madarasa, jua limeshazipausha. Nanyi mnajua zinavyopangwa, kila uchaguzi tunajitafuta humo kwa kidole: kwa herufi ya kwanza ya jina. Chumba kimoja kimejaa kina Mwajuma, Mwanahamisi, Mohamedi na Mustafa. Cha jirani kimejaa kina Godfrey, Grace, John na Joyce. Mzee akacheka kidogo. "Watu wa pwani wengi wameangukia huku, watu wa bara wengi kule. Na kila mgombea alikuwa na ngome yake, hilo halikuwa siri. Vyumba hivi vingelingana ndiyo ningeshtuka." Tuliporudi akawaambia wazi kwamba ushahidi ule haufai hata kufungia vitumbua. Akaongeza, na hili nililisikia kwa masikio yangu: "Ila watafuteni mawakala wenu waliotolewa vituoni, muwahoji mmoja mmoja. Huenda mna kesi, lakini si hii." Hakuna aliyekwenda kuhoji mtu. Hiyo ilikuwa kazi, na wao walikuja kutafuta muhuri. Jioni ile ile ikatangazwa mtaani kwamba Mwalimu kanunuliwa.

Wa upande ulioshinda nao wakaipata harufu. Wakaja na kamera na tabasamu, wakimwita baba, eti aseme mbele ya watu kwamba hesabu zimethibitisha uchaguzi ulikuwa safi. Akawajibu, "Ukipimwa malaria ukaambiwa huna, umeambiwa u mzima? Nimepima kitu kimoja tu. Mkitaka nipime na vingine, fungueni milango." Kamera ikafungwa pale pale. Hao nao wakaondoka wakisema mzee mchochezi.

Basi akawa hana upande, na mtaa wetu umejifunza siku hizi kwamba asiye na upande hana majirani. Mwaka haukuisha, mkewe akafariki. Nimeishi Dar tangu utoto, kuanzia Temeke, nimeona watu wamegombana hadi mahakamani, lakini msiba ukitokea wanabeba jeneza pamoja. Mwalimu alisusiwa. Kikundi cha kina mama cha kufa na kuzikana, ambacho marehemu mkewe alikuwa akikichangia kuliko wengi, hakikutuma hata mtu wa kuosha sahani. Viti vya kukodi vilibaki vitupu chini ya turubai. Nilipozunguka uani nilimkuta binti yao wa pekee anasonga ugali, machozi yanamtiririka, na moshi wala hakuusingizia. Mfiwa anapika kwenye msiba wa mama yake. Nilisikia kinyaa ambacho hakijanitoka mpaka leo ninapoandika.

Na yote haya kwa sababu gani? Mzee alikataa kuliita jambo asilolijua kwa jina walilolitaka. Kila upande ulimwendea kama mtu anayekwenda kwa mganga, jina la mbaya wake analo tayari mfukoni. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, tunasema, halafu anayetaka kuipima hiyo haki kabla ya kuigawa tunamnyonga yeye kwanza.

Jana tumemzika. Magari yalipangana hadi barabara ya Bagamoyo. Kina mama wa kikundi walikuwepo wote na sare mpya, jikoni hapapitiki. Kwenye salamu za rambirambi, msemaji wa upande mmoja alishika kipaza sauti akasema Mwalimu alithibitisha kwamba waliibiwa. Akafuata wa upande wa pili, akasema Mwalimu alithibitisha kwamba hakuna aliyeibiwa. Jeneza liko katikati yao. Kama kuna aliyeona haya, mie sikumwona.

Kisha akasimama binti. Hakupandisha sauti. "Nawashukuru kwa kuja. Baba alikuwaga hapendi mtu ataje wingi bila kuhesabu, basi naomba tumsaidie. Waliokuja kumzika mama, tafadhali nyoosheni mikono."

 Mikono iliyonyooka mtoto wa chekechea angeimaliza kuihesabu bila kutumia vidole vya mkono wa pili. Binti akaitazama taratibu, mmoja mmoja, akaitikia kwa kichwa.

"Ahsanteni. Hii nayo ni hesabu, na hakuna aliyeiba. Karibuni chakula, leo sikupika mie."

Wakaenda kula. Anayekubali hesabu siku ile tu inapomsifu hatafuti ukweli wa kura wala wa kitu kingine, na mtu wa namna hiyo, nimeona jana, hata aibu haimharibii hamu ya pilau.