Ndoo ya Mwisho ya Mathias

Wifi yangu Dafrosa hajui kugombana. Nalisema mapema ili baadaye usije ukaniuliza kwa nini hakumtukana yule Lugembe. Mimi Consolatha ningemtukana. Ningemtukana mpaka simu iishe chaji, halafu ningeichaji nikaendelea. Lakini ndoo haikuwa yangu, wala mnada haukuwa wangu.

Kaka yangu Mathias ni mrina asali. Sisemi "alikuwa", ingawa ana zaidi ya mwaka yuko kitandani pale nyumbani Isevya, kichwa kimeelekea dirishani. Amerina katika misitu ya Usinge tangu hajaota ndevu. Mwaka jana, mwezi wa sita, alipanda mti kushusha mzinga, kamba ikakatika, akaanguka chali. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuna kitu. Daktari alisema ashukuru Mungu. Basi anashukuru, atafanyaje?

Alikuwa amesharina ndoo kumi na tatu kabla ya kuanguka. Dafrosa akawa anaziuza moja moja kwenye kundi la WhatsApp, Mnada wa Asali Halisi. Kila Jumamosi saa nane mchana, admini wa kundi, bwana mmoja anaitwa Damas, anarusha picha ya ndoo, watu wanataja madau, wa juu anachukua na mzigo unapanda basi. Ndoo zetu zote ziliandikwa ubavuni kwa wino mweusi: ASALI YA MATHIAS. Na kila ndoo ikishafika ilikokwenda, kaka anamuuliza mkewe swali moja tu.

"Mama Eliya, wamesemaje?"

Hilo ndilo lililombakia, jamani. Miguu imekwenda, msitu umekwenda, hata padri siku hizi anakuja mara moja kwa mwezi. Limebaki jina, kwamba asali ya Mathias ni asali. Usimguse hapo.

Sasa wateja wenyewe wa mtandaoni! Loh! Wanasema mteja ni mfalme, lakini hawa walikuwa wafalme bila nchi. Kuna mama wa Morogoro alilalamika asali ni nyeusi, akauliza kama nyuki wetu wanavuta sigara. Kuna bwana wa Arusha asali ikaganda kwa baridi ya huko huko kwao, akasema tumemwekea unga. Dafrosa anawajibu wote kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto mgonjwa: "Pole sana ndugu yangu, asali safi huganda, iweke kwenye maji ya vuguvugu." Bwana wa Arusha hakujibu hata asante. Dafrosa akiletewa kejeli anaifuta. Akiletewa sauti nzuri, anakwenda nayo kitandani, anamsikilizisha mumewe. "Tamu, mpaka mtoto kalamba kifuniko," alisema mteja mmoja wa Kahama. Kaka aliisikiliza hiyo mara nne, akacheka mpaka akakohoa.

Kabla ya kufunga kila ndoo, Dafrosa alikuwa anachota kijiko, anaonja mbele ya kamera, anasema, "Natoa uchawi, karibuni." Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu anayetoa ndiye anayeonja. Anayepokea haonji, wala hafunui mbele ya aliyeleta. Bibi yetu alikuwa anasema ni mambo ya tangu misafara ikipita hapa kwenda Ujiji, watu wasiojuana wanalala boma moja: mwenye kutoa anaonja ili mwenzake asiogope, na mwenye kupokea anapokea kwa mikono miwili, anaweka ndani, anashukuru. Kufunua mbele ya mgeni ni kumwita mwizi. Niliwahi kuchapwa kwa hilo, nilipofunua kikapu cha shangazi nikiwa na miaka saba. Fimbo yenyewe bado naikumbuka.

Ndoo ya kumi na tatu aliichukua huyo Lugembe, wa Dodoma. Siku nne kimya. Siku ya tano akarusha video ndani ya kundi, mbele ya watu wote: asali inamiminwa kwenye glasi ya maji, inayeyuka papo hapo, wakati asali halisi hutua kwanza chini ya glasi.

"Huyu mama anatuuzia maji ya sukari," akaandika. "Huyo Mathias wake ni tapeli."

Dafrosa alisoma akakaa chini, pale pale kwenye ngazi ya jikoni. Akaandika, "Ndugu Lugembe, labda tuzungumze, asali yetu haiko hivyo." Akajibiwa, "Usinibembeleze." Akaandika tena, akajibiwa kwa picha ya mtu anacheka. Watu ambao juzi walikuwa wanagombania ndoo zetu, sasa wanaandika "duh" na "ndio maana". Nikamnyang'anya simu nimwage ninayoyajua. Akainyakua.

"Wifi, ukitukana watasema ni kweli."

Damas naye akaja na hukumu yake. Mzigo urudi. Muuzaji aukague mbele ya aliyeuleta. Akiona si wenyewe aseme hapo hapo. Akiona ni wenyewe aandike: Nimepokea mzigo wangu. Akishaandika, hakuna rufaa. Nilimsomea Dafrosa mara mbili kwa sauti ya chini, kaka asisikie.

"Ufungue, wifi. Uonje."

"Nitafungua."

Na angefungua, kama angekuja utingo wa basi, au dereva wa bodaboda. Lakini unajua Lugembe alimtuma nani? Shangazi yake! Mama Suzana, bibi wa miaka sabini na kitu, anakuja msibani Ipuli, mji huu huu wetu. Akashuka kwenye bodaboda ameikumbatia ndoo, kaifunga kwa kanga yake mwenyewe.

"Shikamoo, mama," tukasema wote wawili.

"Marahaba, wanangu. Nimeipakata tangu Dodoma isije ikamwagika. Miguu imekufa ganzi."

Uso wake haukuwa na kitu. Yule bibi alikuwa hajui lolote, naapa. Dafrosa akaitazama ndoo. Ilikuwa yetu, maandishi yetu, kifuniko chetu. Nikakohoa. Nikamkanyaga kidole. Akapiga goti, akaipokea kwa mikono miwili.

"Asante, mama. Pole na msiba."

"Lugembe alisema utaiangalia."

"Nitaiangaliaje, mama, na wewe ndiye umeileta?"

Bibi akafurahi, akasema huku bado kuna watu wenye adabu. Tukampa chai. Na mimi mwenye mdomo, nisiyemwogopa hata mwenyekiti wa mtaa, nilikuwa namwongezea sukari kwenye kikombe huku ndoo iko pale miguuni pangu, imefungwa. Simu ikaanza kulia. Damas anauliza, umepokea? Lugembe anaandika, shangazi yangu yuko hapo, aandike sasa. Watu wanangoja. Dafrosa akamtazama bibi anavyokunywa chai yake, akaandika: Nimepokea mzigo wangu. Alidhani ugomvi unaishia hapo.

Tulipomsindikiza bibi na kurudi, kaka akaita kutoka chumbani.

"Nani huyo alikuja?"

"Mgeni, Baba Eliya."

"Kaleta nini? Nimesikia ndoo."

Dafrosa akanitazama. "Asali," akasema.

"Asali? Leteni nionje!"

Dafrosa akaifungua ndoo, akamchotea kijiko. Mimi nilichovya kidole ndani ya ndoo alipokuwa anakipeleka, na ulimi ukaniambia yote. Sukari, jamani. Sukari iliyochemshwa na maji. Lugembe alikuwa ameihamisha asali yetu kwenye chombo chake, akajaza uchafu huo kwenye ndoo yetu. Nikaikimbilia simu. Damas alikuwa ameshaandika: "Muuzaji amekiri mzigo ni wake. Asali ya Mathias imeondolewa mnadani. Wajumbe mjihadhari." Nikabonyeza, nikabonyeza, haikubali. Tulikuwa tumeshatolewa. Nikampigia Damas, akapokea, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, si aliandika mwenyewe?" akasema, akakata.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wazee. Sijui walikuwa wanamwambia nani.

Nilipoingia chumbani kaka alikuwa ameshatema ndani ya kikombe. Alikuwa amekasirika kweli, mishipa ya shingo imemtoka, sijamwona hivyo tangu aanguke.

"Hii siyo asali. Hii ni sukari. Nani anauza uchafu huu?"

Dafrosa akakiondoa kile kikombe.

"Mama Eliya, nakuuliza. Ni ya nani hii?"

"Simjui vizuri," akasema Dafrosa.

"Basi waambie watu kule mnadani. Leo hii. Waambie wasinunue kwa huyo mtu, anatuharibia jina warina wote. Taja jina lake."

Dafrosa alikuwa amesimama na kile kijiko.

"Nitawaambia, Baba Eliya."

"Na ile ndoo yangu ya mwisho," akasema kaka, sauti imeshashuka. "Imefika? Wamesemaje?"