Mgongo wa Mwuza Dawa

Wanaume wa Msambweni huanza kwa kuomba dawa ya kichwa. Mwuza dawa huiweka mezani, kisha huwapa mgongo akapanga chupa zilizokwisha kupangwa, wapate kusema bila kutazamwa. Sefu, bwana harusi wa mwezi wa Mfungo Sita, alinong'ona kwamba anamaliza mapema mno, mke hajafika popote. Mwuza dawa akamjibu vivyo hivyo, uso rafuni: kuna kidonge cha kila siku, kuna cha kumeza saa chache kabla, kuna na krimu ya ganzi.

"Ipi bora, ami?"

Hapo akageuka. "Hicho cha pili kilinitia kichefuchefu. Cha kila siku kilinifaa, ila nilisubiri wiki kadhaa." Akairudisha dawa ya kichwa mahali pake. "Kichwa hakikuumi, mwanangu."