Mpunga Usishuke Chini ya Mkuyu

Enzi zetu, sisi tuliosoma shule ya msingi wakati mitumba inaanza kujaa minadani na kila mtu anajifunza biashara, kitabu cha historia kilikuwa kimoja kwa darasa zima, nacho alikishika mwalimu. Siku ya Misri ya kale, mwalimu wetu wa darasa la tano alichora mto kuanzia juu ya ubao mpaka akapiga magoti kuumalizia chini. Pale chini akaweka duara. "Hili ni ziwa letu," akasema. Shule yetu ilikuwa upande wa Kisesa, na ziwa tuliliona kwa mbali tukipanda majabali. Tulidhani kazi yake ni kutupatia sangara na dagaa, kumbe maji yake yalikuwa yanalisha wafalme.

Wamisri, alisema, walilima kando ya mto. Kila mwaka ulifurika na kuwaachia tope jeusi, wakashiba, wakapata nafasi ya kujenga na kuandika. Bila mto, Misri ni mchanga tu. Hapo ikafika zamu yangu ya kwenda kuteka maji ya nyumbani kwa mwalimu. Mtoto wa leo akitumwa hivyo, mzazi atampigia simu mwalimu mkuu kabla ndoo haijajaa. Sisi tuliona ni heshima. Nikachukua ndoo nikaenda mtoni, somo likaendelea bila mimi.

Mto wetu haukuwa kwenye ramani yoyote. Kiangazi tulifukua mchanga kupata maji, mvua zikija tulikatazwa kuusogelea. Kando yake Mama alikuwa na majaluba, yale mashamba ya mpunga yanayozungushiwa matuta ili yashike maji. Yote yalikuwa upande wa juu wa mkuyu mmoja mkubwa, kwa sababu marehemu bibi aliacha neno: mpunga usishuke chini ya mkuyu. Hakusema kwa nini. Wakubwa hawakuwa na desturi ya kujieleza, na sisi hatukudai.

Mwaka ule Mama alikuwa amechoshwa na pamba. Wanunuzi binafsi walikuja wengi, kila mmoja na mizani yake, na hakuna aliyemridhisha. Alitaka mpunga zaidi. Jioni, akiwa anasonga ugali, nikampa habari za Misri. Nikamwambia tope zuri lote liko chini ya mkuyu na tumeliacha bure. Mama hakuwahi kukaa darasani. Kwake neno la mwalimu lilikuwa sawa na la padri. Aligeuza ugali mpaka ukaiva, kisha akasema, "Kama mwalimu kasema, tutashuka."

Akaipanda miche yote huko chini, hata ya akiba. Nilimsaidia, tope hadi magotini, nikijiona mshauri wa Farao.

Ndipo zikaja mvua za Elinino. Wa umri wangu hawahitaji maelezo. Mto ulipanda mchana kweupe tukiutazama kutoka penye mkuyu, ukabeba matuta na mpunga wetu wote. Nililia, na niseme kweli, nililia kwa hofu zaidi kuliko huzuni, maana nilijua ni nani aliyeileta Misri nyumbani. Mama hakunigusa. Alisema tu, "Kesho kamuulize mwalimu, hao watu walipanda lini."

"Maji yakishashuka," mwalimu alinijibu kwa mshangao. "Si nilifundisha? Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa mtoni namtekea maji. Sikumwambia.

Jibu nililifikisha. Mama alisubiri maji yashuke, akachomeka marando ya viazi vitamu kwenye tope lililobaki, na viazi vikakubali sana. Mwaka mzima tulikula michembe, viazi vilivyokatwakatwa na kukaushwa juani, tukaichoka na tukaendelea kuila. Krismasi nyumba zote zilinukia wali isipokuwa yetu, na wadogo zangu walinitazama mimi.

Siku hizi mto ule unachimbwa mchanga. Malori yanasimama katikati yake bila kulowesha magurudumu, yanapeleka mchanga wa kujengea Nyegezi na kwingineko. Mkuyu ulikatwa. Binti yangu anaijua Misri yote kwa simu, pamoja na picha, na hajawahi kutekea mtu maji. Somo analipata zima, ila hana mto. Namwonea wivu na namhurumia, na sijui kipi kinazidi.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimia Mama. Bado analima, na mpunga wake bado unaishia pale palipokuwa na mkuyu. Nikamweleza kwa upole kwamba mto haufuriki tena, nimewasikia wataalamu, ile ardhi ya chini anaiacha bure. Mama alikuwa anachambua mchele. Akaumaliza uliokuwa kwenye ungo, ndipo akaniuliza:

"Na safari hii umesikiliza mpaka mwisho?"